Picha inaona rangi, haiulizi bei

Leo siongelei mbegu wala mbolea, hata kama njo kazi niliyosomea. Nataka kukosoa namna moja ya kuandika na kupiga picha ambayo imeenea kati yetu vijana wenye diploma: ile ya "tutembee kwa mguu katika kartie za rangi". Mtu anachukua simu, anavaa viatu vya michezo, anapita Kamalondo na Kenya asubuhi moja (Kenya komine yetu, si ile nchi), anarudi na picha makumi ine. Ukuta wa bulu, pagne za manjano, nyanya zilizopangwa mafungu mafungu, mtoto anacheka. Chini yake maneno matatu: utofauti, umoja, furaha. Anayetazama akiwa Kolwezi ao Bukavu anasema "ni mzuri kabisa", kisha anapita kwa picha nyingine.

Munielewe vizuri. Kutembea sina shida nako. Lubumbashi ni mji wa kutembea: udongo ni tambarare, njia zimenyooka, na ukitoka Poste mapema unafika soko ya Kenya mbele jua halijakuwa kali. Tena ni elimu ya bure, na sisi wengi hatuna kazi ya kutulipia elimu nyingine. Shida yangu ni hii: zile picha na yale maandishi vinatazama njia kama vile mtu anatazama kitambaa dukani. Kinavutia ao hakivutii, basi. Mimi hii namna ya kazi naipima kwa jambo moja tu: je, aliyepita aliuliza kitu chochote?

Chukua mfano wa jakaranda. Karibu kila mutembezi anaweka picha ya miti ya jakaranda ya katikati ya mji, mwezi wa tisa ao wa kumi, wakati maua ya urujuani yamefunika barabara. Anaandika "rangi ya Lubumbashi". Bon, ni kweli, lakini jakaranda ni mgeni, asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulipandwa kwenye barabara za Wazungu ili wapate kivuli na uzuri. Kamalondo haukupandwa kwa wingi ule. Kwa hiyo hata kabla ya kusema neno moja juu ya watu, ile rangi tayari ni ramani: inakuonyesha nani alipangiwa kivuli na nani alipangiwa jua.

Na ramani yenyewe ilitoka wapi? Reli ya kutoka kusini, kutoka Rhodesia, ilifika hapa mwaka 1910, na mwaka ule mji wa Elisabethville ulianza kusimama. Watu wa kuchimba na kuyeyusha shaba walitoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, njo Zambia ya leo, Nyasaland, baadaye Kasai, Lomami, hata Ruanda-Urundi. Wakubwa wa mji walitaka mikono ya hawa watu, lakini hawakutaka walale karibu nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 makao ya Weusi yalisukumwa upande wa kusini, yakaitwa kartie Albert. Njo Kamalondo. Kati yake na mji wa Wazungu kukaachwa ukanda mtupu wa mamia ya mita, waliouita kordoni saniteri ao zoni netre. Sababu waliyotoa ilikuwa mbu: eti mbu aliyenyonya damu ya Mweusi mwenye malaria hataweza kuruka umbali ule mpaka kitandani mwa Mzungu.

Mtu yeyote aliyefanya somo la wadudu anajua mbu wa Anopheles anaweza kupita kilometa moja bila kuchoka, zaidi akisukumwa na upepo. Na mbu haulizwi karatasi. Lakini boyi aliyempikia Mzungu alivuka ule ukanda kila asubuhi kwa mguu, na jioni alipaswa kurudi, maana Mweusi akikutwa katika mji wa Wazungu usiku bila kibali alikuwa na kesi. Kwa hiyo, bandugu, mutembezi wa kwanza kati ya kartie na kartie ku Lubumbashi hakuwa mtalii. Alikuwa boyi, na saa yake ya kutembea ilipangwa na mtu mwingine.

Kuko mtoto wa hapa aliyeifanyia hii historia kazi ya picha kuliko sisi wote: Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, mmoja wa waanzilishi wa Picha, chama kinachoandaa Biennale ya Lubumbashi tangu 2008. Kazi yake ninayotaka kuiongelea inaitwa Essay on Urban Planning, ya mwaka 2013. Ilionyeshwa pia Venice mwaka 2015. Kuko picha za mji zilizopigwa kutoka angani, unaona ule ukanda kati ya katikati ya mji na Kamalondo, bado unasomeka karibu miaka mia moja baadaye. Kando ya hizo picha ameweka picha za masanduku ya wadudu kutoka jumba la makumbusho la Lubumbashi, wadudu wamechomwa pini na kupangwa kwa mistari. Na kuko picha moja ya zamani, ya wakati wa kampeni ya kuua nzi, ambapo wafanyakazi walidaiwa kuleta nzi hamsini kwa siku ili wapewe chakula chao. Nzi hamsini, chakula. Ukiangalia zile sanduku za wadudu halafu zile nyumba zilizopangwa mistari mistari, hauhitaji mtu akuelezee. Macho yanafanya hesabu yenyewe.

Ile ni picha inayouliza. Hakuna rangi ya kukubembeleza, hakuna mtoto wa kucheka. Lakini na yeye nina neno juu yake. Kutoka angani mji unabaki kama aliyeuchora alivyoutaka: mistari na nafasi. Inafaa kwa lile jambo analotaka kusema, maana aliyeupanga mji huu naye aliuona kutoka juu, kwenye karatasi. Ila kutoka juu huwezi kuona namna watu walivyoula ule ukanda polepole polepole, kwa vijia vya miguu, kwa meza ya sigara na karanga, kwa mama mwenye jiko la makala anayechoma mahindi pale pale ambapo mbu alipaswa kushindwa kupita. Ndege haiwezi kuuliza mama "leo umeuzisha?" Hapo njo kazi ya mutembezi ingeanza, na hapo njo tunaiona inakosekana: mwenye simu amefika chini, yuko mbele ya yule mama, halafu anapiga picha ya mwavuli wake kwa sababu mwavuli ni mwekundu.

Kuna kitu kingine cha kuuliza njiani. Maduka ya ule upande wa kusini wa mji, karibu na mpaka, zamani yalikuwa ya Wagiriki, Wareno, Waitaliano na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Wabelgiji wakubwa waliwahesabu kuwa Wazungu wa daraja la pili, wakawaacha wakae karibu na Weusi kwa sababu wateja wao walikuwa Weusi. Sinagogi yao ingali imesimama, ilijengwa kuelekea mwaka 1930. Wagiriki wengine walikaa Kasenga, kwenye mto Luapula, wakanunua samaki na kuwaleta huku kulisha wafanyakazi wa shaba. Kama agronomi hii hadithi inanigusa sana. Kulikuwa samaki anaitwa mpumbu, alipanda mto kwa wingi mkubwa wakati wa kuzaa; alivuliwa mpaka kufikia mwaka 1950 akawa haba. Mgiriki, mvuvi wa Luapula na mfanyakazi wa kambi ya Union Minière walikula sahani moja kwa njia ya biashara, na aliyelipa wa mwisho ni samaki. Hapo ule mchanganyiko hauko tena kitu cha kupiga makofi tu, unakuwa kitu cha kufikiria.

Kisha tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973 Mobutu alitangaza zairianisasyo, maduka na mashamba ya wageni yakapewa wananchi waliochaguliwa. Duka nyingi zilikufa. Leo ukipita katikati ya mji unakuta Wahindi, Walebanoni, Wachina, na ukishuka zaidi unakuta sisi. Mwenye kuandika "tangu zamani Lubumbashi ni mji wa mataifa yote" anaruka mambo mengi. Mataifa yalikuja, mengine yakaondoka, mengine yakafukuzwa, mengine yakaja. Kila jina juu ya mlango wa duka liko na mwaka wake.

Picha tena haina sikio, na ku Lubumbashi utofauti mkubwa unaingia kwa sikio. Mimi mwenyewe nilisikia mfanyabiashara mmoja kutoka Kigoma anamuuliza mama wa unga: "Mama, unauza?" Mama akamjibu kwa upole: "Hapana papa, miye niko nauzisha. Weye njo utauza." Yule papa alisimama kama mtu aliyeambiwa jua linatokea magharibi. Kwetu kuuza ni kutoa feza na kupata kitu. Kuuzisha ni kutoa kitu na kupata feza. Kwa mtu wa upande wa Tanganyika ni kinyume. Swahili yetu ilikuja na watu wa misafara, ikachukuliwa na kampuni ili ipate lugha moja ya kuamrisha watu wa kabila nyingi, kisha ikaingia jikoni na sokoni, ikachanganyika na Kibemba, Kiluba na Kifaransa. Bukari, bunga, bowa, avenu, bulangeti: kila neno limeshuka kwenye stesheni yake. Hii njo rangi ninayoitafuta mimi, na haina nafasi kwenye simu isipokuwa mtu asimame, asikilize, aandike.

Sasa tuingie sokoni kabisa, maana hapo niko nyumbani.

Kwenye sinia moja, kando ya karanga, utaona kitu kama soseji kubwa ya kahawia, bamama wanaikata vipande. Ni kikanda. Wapiga picha wanaipita kwa sababu haina rangi nzuri. Kumbe ile njo kitu cha ajabu kuliko vyote kwenye ile njia. Inatengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi za porini, vinatwangwa, vinachanganywa na karanga na pilipili, vinapikwa mpaka vinashikana. Zambia wanaila vilevile, wanaiita chikanda, na wanaila sana mpaka okidi za kwao hazitoshi: watu wanazichimba hata kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, zinavuka mpaka kwa magunia. Kule Tanzania walifanya hifadhi ya taifa ya Kitulo, mwaka 2005, sehemu kubwa juu ya maua, na okidi zikiwemo. Okidi haipandwi kama muhogo. Ukichimba kiazi chake, mmea umekufa, na mbegu yake ni vumbi linalohitaji uyoga fulani wa udongoni ili liote. Basi kile kipande cha kikanda unachokula kwa pilipili huku unacheka na rafiki kiko na nchi tatu ndani yake na shida moja ambayo hakuna fakulte imeimaliza. Swali moja tu lingetosha: "Mama, hii ilitoka wapi?" Mara nyingi atakujibu, tena kwa furaha, maana wateja hawamuulizi.

Wakati wa mvua kuko bowa, ule uyoga wa msitu wa miombo, mwekundu, wa manjano, mweupe. Hapo nakubali, rangi inasaidia: mama anayejua bowa anasoma rangi kama daktari anavyosoma karatasi ya laboratwari, na akikosea mtu anaweza kufa. Profesa Malaisse, aliyefundisha hapa miaka mingi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya msitu wetu. Wale bamama walikuwa wanayajua hayo mbele ya kitabu.

Halafu unga. Hapa hakuna rangi kabisa, ni weupe mtupu, na njo kiini cha soko yote. Haut-Katanga inachimba kobalti ya kuendesha magari ya dunia, lakini sehemu kubwa ya unga wa bukari inapita Kasumbalesa kutoka Zambia, kwenye mifuko iliyoandikwa Kiingereza. Zambia ikifunga mpaka ao ikikosa mvua, sisi tunajua mbele ya wiki kuisha. Mwaka 2024, ukame mkali ulipoipiga Zambia, hapa meka ilikuwa maneno ya kila nyumba. Meka, kwa wasio wa huku, ni kile kipimo cha kuuzishia unga. Nendeni mutazame mkono wa mama anapojaza meka. Kuko mkono unaoacha mlima juu, kuko mkono unaopangusa ukingo, kuko meka ambayo chini yake imegongwa ikaingia ndani. Bei inaweza kubaki ileile mwezi mzima na unga ukapungua. Hii ni uchumi, bandugu, tena uchumi mgumu kuliko ule wa kwenye silabi. Picha ya ule mlima mweupe ni nzuri, nakubali. Lakini nilikuwako siku moja kijana alipoinama kupiga picha, akapiga tatu, akatoa asante. Mama akamwambia: "Mwana yangu, hii fotoo yako itauza meka ngapi?" Bamama wote wa ile mstari walicheka. Yeye pia alicheka, akaenda.

Kando ya unga wa mahindi, kwa meza nyingi, kuko unga wa muhogo. Ukisimama kidogo utaona mteja anayeuza yote mawili ili ayachanganye nyumbani. Mara nyingi ni mtu mwenye asili ya Kasai. Kwao wanapika hivyo. Na hapa njo panauma, na hapa njo nina hasira kidogo na yale maneno "utofauti, umoja, furaha".

Mwaka 1992 na 1993, wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga, wakati ule Shaba. Likasi na Kolwezi njo kulikuwa kubaya zaidi: maelfu na maelfu walilala kwenye stesheni siku nyingi, wengine wiki nyingi, wakingoja gari moshi ya kuwapeleka inchi ambayo wengi wao hawakuijua, maana walizaliwa huku, babu zao waliletwa huku na kampuni. Wengine walikufa pale kwenye stesheni, wengine njiani. Majirani walikuwa walewale waliokula kwenye soko ileile na kusema Swahili ileile. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba watu kuchanganyika sokoni, peke yake, ni umoja. Soko ilikuwa imechanganyika mwaka 1991 pia.

Hata leo, uchaguzi ukikaribia, neno "mwenyeji" linarudi mdomoni mwa watu, na gari moshi kutoka Kasai ikifika na vijana wanaotafuta kazi, utasikia maneno kwenye bisi ambayo hutapenda mtoto ayasikie. Katika chama chetu kuko wenye wazazi waliopanda ile gari moshi na kuko wenye wazazi waliobaki kwenye nyumba. Tunakaa meza moja, na ni vizuri. Lakini tukiandika juu ya kartie zetu kama vile ni sanduku la penseli za rangi, tunawaomba hao wa kwanza wanyamaze. Sisemi kila picha ya nyanya ibebe kaburi. Nasema mwenye kuandika neno "umoja" chini ya picha ya Kenya ao Katuba ajue anasema jambo kubwa, na msomaji ana haki ya kumuuliza amelitoa wapi.

Tusifikiri ni ugonjwa wa Lubumbashi tu. Wote muko na ndugu ao rafiki anayetuma picha za Matonge ya Bruxelles, ile kartie ya komine ya Ixelles iliyochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Salon za nywele, pondu, samaki wa chumvi, pagne kwenye vioo vya galeri: rangi zote ziko. Lakini sehemu kubwa ya Wakongo wanaoijaza siku ya posho hawalali pale, wanakuja kuuza na kusalimiana, jioni wanarudi mbali. Chéri Samba aliichora ile kartie mwaka 2002, na mchoro wake ukawekwa mkubwa kabisa kwenye ukuta wa nyumba pale karibu na Porte de Namur. Jina lake ni Porte de Namur, Porte de l'amour? Angalieni ile alama ya kuuliza ku mwisho. Mchoraji wa rangi kali kuliko wote wa inchi yetu, mtu ambaye rangi njo mkate wake, alipofika kwenye kartie ya mchanganyiko hakuandika "upendo" akafunga. Aliacha swali juu ya ukuta. Na ilibidi kungoja mpaka tarehe 30 mwezi wa sita 2018 ili kiwanja kidogo cha pale kipewe jina la Lumumba. Rangi ilikuwako siku zote hizo. Jina halikuwako.

Mtaniuliza: basi kuko mtu aliyefanya vizuri kile unachotaka? Kuko. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa jina la chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, kwa Swahili yetu yenyewe, bila kuogopa sarufi. Kwa Kifaransa waliiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Baadaye Johannes Fabian aliitoa kama kitabu, mwaka 1990. Hakuna picha ya rangi hata moja ndani yake inayohitajika. Kuko majina ya Wazungu na majina ya utani ambayo Weusi waliwapa, kuko nani alilipwa nini, nani alikuwa mkali. Ina makosa ya tarehe, ina mambo ambayo profesa wa historia atayakunjia uso, na kuisoma kunachosha kidogo, nisiwadanganye. Lakini kila ukurasa unatoka kwa mtu aliyejua mji kwa miguu yake kwa sababu hakupewa njia nyingine ya kuujua, na hakuna mahali anapokuambia kwamba ni mzuri. Mimi ningependa vijana wa leo wenye simu wasome kurasa kumi za hii kazi mbele ya kutoka nje.

Kitu kimoja cha mwisho, nimekichunguza kwenye matembezi mengi niliyoyaona. Yote yanaanzia Poste ao katikati ya mji, yanashuka kusini: Kamalondo, Kenya, wenye nguvu wanafika Katuba. Njo njia ya mgeni, na ni mwelekeo uleule wa ramani ya zamani, kutoka kwa aliyepanga kwenda kwa aliyepangwa. Sijaona hata moja lililofanywa kinyume. Kinyume chake ni hivi: unatoka Katuba saa kumi na moja ya asubuhi, pamoja na bamama wenye mabeseni na vijana wenye pusipusi, wengi kwa mguu maana bisi ni feza, unapita Kenya, unapita Kamalondo, unavuka pale palipokuwa ukanda wa mbu, unafika mjini wakati walinzi wanafungua milango ya maduka. Nimeifanya hiyo njia mara nyingi nikiwa mwanafunzi, kwa sababu ya feza, si kwa sababu ya utafiti. Wanaongea njia yote: bei ya jana, mtoto aliyefukuzwa masomo juu ya minervali, nani alikufa, nani aliolewa, polisi gani yuko leo kwenye kona. Swahili, Kiluba, Kibemba, zote katika sentensi moja. Na kungali giza. Simu haitatoa kitu.